Meli iliyopakwa grisi kabla ya kuzamishwa: habari za Liemba

SEHEMU YA 1

Akina mama, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kulaiki, nawaona!

Nilipotangaza kwamba leo tunaongelea meli, mama mmoja aliniandikia: "Nesi, meli na watoto wetu wapi na wapi?" Swali zuri, wala sikukasirika. Nivumilie hadi sehemu ya mwisho, utaona meli na mtoto wako ni ndugu wa damu.

Meli yenyewe ni MV Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Uliyekulia Kigoma, Kasanga au Mpulungu unaijua. Uliyekulia kwingine, hebu piga picha kichwani: meli ya chuma, urefu wake kama mita 70, inabeba abiria wapatao 600, na ilijengwa mwaka 1913. Yaani ina umri wa kuwa bibi wa bibi yako. Wazungu wanaopenda meli za kale hufunga safari kutoka mbali kuja kuipiga picha tu. Sisi tumeizoea, tunaiona ni usafiri wa dagaa na mananasi.

Lakini haikujengwa kubeba dagaa. Ilijengwa na wakoloni, ikapigiwa mizinga, ikaenda vitani. Tuanzie hapo.

SEHEMU YA 2

Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wajerumani. Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka: upande huu Mjerumani, ng'ambo ya pili Mbelgiji wa Kongo, kusini Mwingereza. Ziwa lenyewe si mchezo. Ni refu, karibu kilomita 670, na kina chake ni cha pili duniani. Mwenye meli kubwa humo alikuwa bwana wa ziwa zima.

Basi Wajerumani wakaagiza meli kutoka kiwanda cha Meyer kilichoko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Tatizo: utaifikishaje ziwani, na ziwa liko katikati ya bara? Wakaijenga kule, kisha wakaifungua kipande kimoja kimoja, wakaipanga kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa kwenye reli ya kati iliyokuwa mpya kabisa. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Fundi mkuu aliitwa Anton Rüter, alikuja na wenzake wawili. Watatu tu. Mikono mingine yote ilikuwa ya mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, ambao majina yao hutayakuta kwenye vitabu. Hao ndio waliobeba mabamba ya chuma juani na kuyaunganisha kwa ribiti, moja baada ya nyingine. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikaingia majini.

Ikapewa jina Graf von Götzen. Huyu alikuwa gavana wa Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, yaani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 yeye ndiye aliyekuwa madarakani. Mashamba na maghala ya chakula ya watu wa kusini yalichomwa, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Ukiwa mama, njaa unaijua inaanza na nani nyumbani. Basi jina la mtu huyo ndilo lililoandikwa ubavuni mwa meli. Weka akilini, tutalirudia.

SEHEMU YA 3

Hii sehemu wasimulieni watoto kabla ya kulala.

Waingereza walipoona Mjerumani anatamba ziwani, wakaamua kuleta boti zao mbili. Boti ndogo, za mbao, zenye injini za kasi. Zikasafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini, zikapakiwa kwenye treni, kisha zikaburutwa porini Katanga kwa mashine za mvuke na maksai, zikipandishwa milima na kuvushwa madaraja ya magogo, hadi ziwani.

Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa wake wakakataa, wakaona ni utani. Akapeleka majina mengine, Mimi na Toutou, yakapita. Kumbe kwa lugha ya watoto wa Kifaransa ni yaleyale: nyau na mbwambwa! Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine iliyoitwa Hedwig von Wissmann.

Ile kubwa, Götzen, hawakuthubutu kuikabili.

Lakini vita vya nchi kavu vilikuwa vinawaendea vibaya Wajerumani huku magharibi. Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia Kigoma na reli ilikuwa inapotea. Ikatoka amri: meli izamishwe, adui asiipate.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo ninapompendea yule fundi.

Kuzamisha meli ni kazi rahisi. Ungeweza kuilipua ikaisha. Lakini Rüter na wenzake walikuwa wameijenga wenyewe, na nadhani mtu hapendi kuua alichokizaa. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito, kila mahali ambapo maji yangeingia na kula chuma. Kisha tarehe 26 Julai 1916, kusini kidogo ya Kigoma, wakaishusha taratibu chini ya maji. Kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, hutaki ashtuke.

Vita vikaisha. Wajerumani wakaondoka. Wabelgiji wakaiinua meli, ikazama tena. Wakaja Waingereza, na mwaka 1924 wakaitoa majini. Walipofungua, injini na boila bado zilikuwa zinafaa! Miaka minane chini ya ziwa, na grisi imefanya kazi yake. Maji baridi ya ziwa nayo yalisaidia, maana hayali chuma kama ya bahari.

Mwaka 1927 ikarudi kazini. Jina la gavana likafutwa, ikaitwa Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini waliliita ziwa lao tangu kale. Mpelelezi Livingstone alilisikia kwao alipofika huko mwaka 1867.

Toka hapo haikubeba tena mizinga. Imebeba mahindi, samaki wakavu, vitanda, mbuzi, walimu wanaokwenda kuripoti, maharusi, wagonjwa. Na watoto mgongoni. Miaka ya 1970 injini ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli, safari zikaendelea.

SEHEMU YA 5

Sasa niwapeleke kwenye vijiji vyenyewe.

Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Liemba ilikuwa ikifika inapiga honi na kusimama majini, mara nyingi usiku, na mitumbwi inatoka nchi kavu kuifuata. Abiria anapanda kutoka mtumbwini kwenda mlango wa ubavuni huku vyote viwili vinayumba. Mtoto anapokezanwa kwanza: mama anamnyanyua, mikono usiyoijua inampokea. Sekunde hizo mbili, mtoto hayuko kwako wala hayuko kwao. Kila mama wa ziwani anazijua.

Kwa nini wavumilie hayo yote? Kwa sababu nyuma ya kijiji ni milima, na barabara hakuna au ni ya kubahatisha. Sisi wauguzi kliniki huwa tunamuuliza mjamzito: umepanga kujifungulia wapi? Usafiri upo? Nani atakusindikiza? Nauli umeweka? Mjini jibu ni bajaji. Mwambaoni jibu ni boti. Ratiba ya meli ni sehemu ya mpango wa kujifungua, sawa na kanga na nyembe mpya. Meli ikikaa bandarini miezi kwa ubovu, mama anabaki na mtumbwi na upepo wa ziwa. Mtumbwi haumsubiri mwenye kifafa cha mimba.

Na Liemba imekaa sana bandarini miaka ya karibuni, ikisubiri na kufanyiwa matengenezo makubwa. Anayependa meli za kale anaona urithi. Mimi muuguzi naona foleni ya akina mama.

SEHEMU YA 6

Mwaka 1997, vita vya Zaire vilipotulia kidogo, Liemba ilitumika kurudisha kwao maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamekimbilia Kigoma. Iliwavusha hadi Uvira.

Kisha ukaja mwaka 2015. Machafuko yalipoanza Burundi mwezi Aprili, watu walikimbilia kijiji chetu cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hatua chache kutoka mpakani. Walifika makumi ya maelfu ndani ya siku chache. Kijiji hakina gati, hakina barabara ya maana. Vyoo vya kijiji kimoja vilitakiwa kutosheleza mji mzima. Watu walilala ufukweni, wakanywa maji ya ziwa lilelile walimoogea.

Ukiwa nesi, hapo huhitaji kuambiwa kinachofuata. Kipindupindu.

Kufikia Mei kulikuwa na wagonjwa maelfu, na waliokufa walikuwa wapatao 30. Njia ya kuwatoa watu pale ilikuwa ni majini. Ikaitwa Liemba, ikiwa na umri wa miaka 100 tangu ishushwe ziwani. Ilisimama mbali kidogo na ufukwe, boti ndogo zikawaleta watu, 600 hivi kila safari, ikawapeleka Kigoma, na kutoka hapo mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Fikiria akina mama wale kwenye mlango wa ubavuni, wakinyanyua watoto. Meli iliyopewa jina la gavana wa vita na njaa, inapokea watoto waliokimbia vita wakiwa na njaa. Vibarua walioiunganisha kwa mikono mwaka 1915 hawakujua wanamjengea nani.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Sasa namjibu yule mama wa "wapi na wapi".

Liemba ilipona kwa sababu kuna mtu aliipaka grisi kabla ya kuzama. Baada ya kuzama, angepaka nini? Kazi yangu yote ya kliniki ni hiyohiyo. Chanjo ni grisi. Kadi ya kliniki ni grisi. Nauli uliyoifunga kwenye pindo la kanga tangu mimba ya miezi saba ni grisi.

Na kipindupindu, ambacho kila masika tunakisikia mahali, nacho kina grisi yake. Kinaua kwa kukausha mwili, tena kwa saa chache. Kwa hiyo:

Weka pakiti mbili tatu za ORS nyumbani, hata kama hakuna anayeumwa. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yakipita saa 24 yamwage, changanya mengine.

Mtoto akiharisha, mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri kama dakika kumi uendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, usimkatishe.

Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, au mtoto amelegea, macho yameingia ndani, hana machozi, hakojoi, ondoka sasa hivi uende kituo cha afya, huku unampa ORS njiani. Usisubiri kuche.

Maji ya kunywa chemsha. Mikono kwa sabuni, ukitoka chooni na kabla ya kumlisha.

Na ukipanda boti na mtoto, ziwani au baharini, dai boya la kuvaa la saizi yake kabla boti haijaondoka. Usione aibu kuwa msumbufu. Yule fundi aliyepoteza muda kupaka grisi meli inayokwenda kuzamishwa, bila shaka wapo waliomwona anajisumbua bure.

Wenye wazazi waliowahi kupanda Liemba, waulizeni leo, mniandikie hapo chini walipandia kijiji gani na walikuwa wanaenda wapi. Mtumie na mama mmoja asiyekuwa na pakiti ya ORS nyumbani.

Usiku mwema. Kachemsheni maji.