PUMZI: MUVI YA DAKIKA 21 ILIYOONYESHA VITA YA MAJI, NA KINACHOMGUSA MTU WA MANCHIRA

Ukitaja muvi za maisha ya baadaye, wengi akili inakimbilia Blade Runner ya 1982 au The Matrix ya 1999. Mashine zinatawala watu, mji una giza na mvua haikatiki. Sasa kuna mzigo mwingine wa dakika 21 tu, umetengenezwa na dada wa Nairobi, hauna gari linalopaa hata moja na bado unatisha kuliko hizo zote. Unaitwa Pumzi. Aliyeuandika na kuuongoza ni Wanuri Kahiu. Ulitoka 2009, na mwaka uliofuata ukaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance kule Marekani.

Tofauti inaanzia hapo kwenye mvua. Kwa Hollywood, dunia ikiharibika mvua inanyesha usiku kucha. Kwa Wanuri, dunia imeharibika pale mvua ilipoacha kunyesha.

Stori yenyewe iko Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo kwenye muvi vinaitwa Vita vya Maji. Nje ardhi imekufa. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa unaoitwa Maitu, neno la Kikikuyu lenye maana ya mama. Maji ni ya kupimiwa. Mkojo na jasho vinachujwa vinanywewa tena, umeme unatoka kwa watu wanaokanyaga mashine za mazoezi, na ukiota ndoto unaambiwa umeze kidonge. Yaani hata usingizi si wako.

Asha, aliyechezwa na Kudzani Moswela, anatunza makumbusho ya viumbe waliotoweka. Siku moja anatumiwa udongo na mtu asiyejulikana. Anaupima, anakuta una unyevu. Anaweka mbegu, inaanza kuchipua. Anaomba kibali cha kutoka nje akatafute udongo ulipotoka, wakubwa wanakataa. Mama mmoja mfanya usafi anamsaidia kutoroka, na Asha anaingia jangwani na mche wake mkononi.

Hapo ndipo penye ishu nzito. Ukiangalia vizuri, wakubwa wa Maitu hawaogopi mche. Wanaogopa habari. Watu wakijua nje kuna uhai, nani atakubali kukanyaga mashine kutwa nzima kwa kikombe cha maji? Anayeshika maji ameshika na watu, na ili aendelee kuwashika lazima waamini hakuna sehemu nyingine ya kwenda.

Wanuri hakuitoa hewani stori ya mwanamke anayesumbuana na wakubwa kwa sababu ya mti. Kenya ilikuwa nayo tayari. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akawahamasisha akina mama kupanda miti, akapigwa na kuwekwa ndani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanuri mwenyewe ameshatengeneza filamu ya maisha yake, inaitwa For Our Land.

Sasa shuka upande wa Mara. Mto Mara unaanzia milima ya Mau huko Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, halafu unamwaga maji Ziwa Victoria. Mti ukikatwa Mau, aliyeko Tanzania anausikia kwenye mto. Mugumu nako wanategemea bwawa la Manchira. Mtu aliyewahi kupanga foleni na dumu la lita 20 haitaji kufafanuliwa Vita vya Maji ni kitu gani, maana anajua jinsi watu wastaarabu wanavyobadilika bomba likianza kutoa upepo. Ndiyo maana Pumzi, japo ilipigwa Afrika Kusini, haionekani ya kigeni.

Na alama imeacha. Ilitoka mwaka mmoja na District 9 ya Johannesburg, na toka hapo ile hoja kwamba Waafrika hawawezi stori za kisayansi ikakosa nguvu. Mwaka 2021 ikaja Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda, kuhusu vijana wa machimbo ya koltani, na Kiswahili kimo ndani. Vyuo vikuu vya nje vinaifundisha Pumzi mpaka leo. Wanuri naye akasonga mbele. Mwaka 2018 filamu yake Rafiki ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, huku nyumbani ikipigwa marufuku mpaka mahakama iliporuhusu ionyeshwe siku saba tu. Aliyeandika habari za Asha kunyimwa kibali akanyimwa kibali na yeye.

Mwisho wa muvi Asha anapanda mche mchangani, anaumwagia maji yake ya mwisho, yanapoisha anaupa jasho lake, kisha anaufunika na mwili wake jua lisiuguse. Ilibidi avunje sheria na atoe uhai wake ili mti mmoja uote. Mtu wa Mugumu au Tarime leo anachimba shimo mchana kweupe, anaweka mche, na jirani anamletea ndoo ya maji. Pumzi inahusu siku ambayo nafasi hiyo haipo tena.