Kibali Bila Hesabu: Leseni za Kuwinda kwa Mtazamo wa Bujumbura

Mwaka 1986, chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, shehena za pembe za ndovu zilizokuwa maghalani ziliruhusiwa kuandikishwa ili ziuzwe kihalali. Burundi ikaandikisha takriban tani 90. Wakati huo haikuwa hata mwanachama wa mkataba, na ndovu wa kutajika haikuwa nao. Pembe zilikuwa zimevushwa mipaka kutoka nchi jirani, Tanzania na Zaire zikiwamo, zikapata vyeti Bujumbura na kuingia soko la dunia zikiwa halali. Burundi ilijiunga na CITES mwaka 1988. Mwaka uliofuata mkutano wa Lausanne ulipiga marufuku biashara yenyewe.

Kisa hiki kinawahusu swala, pongo na kuro kuliko kinavyoonekana. Wapo wanaoamini kwamba ujangili hukoma pale uwindaji unapopewa leseni, ada na mhuri. Bujumbura ilikuwa na mihuri yote. Kilichokosekana ni kiungo kati ya karatasi na mnyama aliyehesabiwa mahali panapojulikana. Kiungo hicho kisipokuwapo, kibali husafisha mali ya wizi.

Leseni zenyewe hazikuletwa kwetu kwa ajili ya kuhesabu. Kanuni za Wissmann za mwaka 1896 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, koloni ambalo Urundi, yaani Burundi ya leo, ilikuja kuwa sehemu yake, zilidai leseni na kutenga maeneo ya akiba. Mkataba wa London wa 1900 ukataka nyavu na mashimo ya kunasia vidhibitiwe. Amri ya 1937 ya Wabelgiji, waliowarithi Wajerumani, kuhusu uwindaji na uvuvi ikaendeleza mkondo huohuo. Aliyekuwa na bunduki na fedha ya ada aliitwa mwindaji. Mtwa au Mrundi mwingine mwenye mbwa, mkuki na wavu akageuka jangili juu ya ardhi aliyoizoea tangu utotoni. Sheria ilichagua nani awinde. Wangapi wauawe halikuwa swali lake kuu.

Mwaka huohuo wa 1937, Marekani ilipitisha sheria ya Pittman-Robertson, iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye idara za wanyamapori za majimbo. Huko, katika majimbo mengi, mwindaji wa kulungu hupewa lebo anayoifunga kwenye mzoga, kisha hutoa taarifa ya alichoua, na taarifa hizo husaidia kupanga idadi ya msimu unaofuata. Siwasifu Wamarekani kupita kiasi: wana ardhi, wana fedha, na wana kulungu tele. Ila utaratibu wao unaonyesha leseni inapata wapi nguvu. Nguvu iko kwenye lebo na taarifa. Ada peke yake ingekuwa kodi tu.

Je, Burundi iige? Karibu zaidi na sisi kuna jaribio la Uganda, lililoanza mwaka 2001 pembezoni mwa Hifadhi ya Ziwa Mburo. Swala pala walikuwa wakichungia kwenye ardhi za wafugaji, wakila majani ya ng'ombe, na wafugaji hawakuwa na sababu ya kuwavumilia. Uwindaji wa leseni uliwapa sababu hiyo, kwa kuwa sehemu ya ada ilikwenda kwa jamii. Sharti lake kubwa lilikuwa ardhi pana iliyo nje ya hifadhi, na hapo ndipo mfano unapokwama kwetu. Ruvubu, hifadhi yetu kubwa kuliko zote, ina takriban kilometa za mraba 500 katika nchi yenye zaidi ya watu 400 kwa kila kilometa ya mraba. Kuro akivuka mpaka tu, yuko shambani kwa mtu. Ndani ya mpaka, sheria ya 2011 kuhusu maeneo ya hifadhi inakataza kuwinda, na nakubaliana nayo. Kuhusu pongo wa hifadhi ya Rusizi, waliobanwa kati ya mto, ziwa na jiji linalotanuka, hakuna cha kujadili.

Hata hivyo, marufuku tupu nayo ina mlipaji wake. Familia zilizoondolewa Ruvubu hifadhi ilipoanzishwa, na majirani wanaokesha wakifukuza nguruwe pori mahindini, hawapati chochote. Kama kuna kibali cha kwanza cha kuandikwa, kiwe chao, si cha mgeni anayetafuta pembe za kutundika ukutani. Kitolewe kwenye kilima husika, yaani ngazi ya chini ya utawala, kwa mnyama mharibifu asiye adimu, kwa msimu maalumu, na mzoga uonyeshwe kwa mwakilishi wa OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, kabla nyama haijagawanywa. Kisiuzwe wala kuhamishwa kwa mtu mwingine.

Nitaambiwa kwamba kuhesabu wanyama kunagharimu fedha ambazo ofisi hiyo haina. Sensa inayofanywa kutoka angani kwa ndege inagharimu, kweli. Lakini walinzi hupiga doria kwa miguu, na daftari la doria lenye tarehe, mahali, nyayo na wanyama walioonekana, likijazwa kwa miaka mitatu mfululizo bila kuruka msimu, litaeleza mwelekeo wa idadi vizuri kiasi cha kuamua kama kilima fulani kipewe vibali vitano au kisipewe kabisa.