Bunduki Ni Risasi Yake: Somo la Mumias na Kisumu

Siku hizi vijana wengi mnatazama zile video za Wamarekani. Jamaa ameketi mbele ya meza, ameweka bunduki tatu, anauliza ipi inafaa kuwa ya kwanza kwa mtu mwenye pesa kidogo. Dakika ishirini nzima ni mbao za kitako, rangi ya mtutu na darubini. Halafu mtu wa Kondele ananitumia, ananiuliza, "Wewe ungechukua gani?"

Mimi nina maoni yangu na nitayatoa mapema, mwenye kutaka kubishana ajipange. Bunduki huchaguliwa mwisho. Kabla yake unachagua risasi, na kabla ya risasi kuna karatasi. Hilo sikulitoa kwenye video. Limeandikwa kwenye historia ya huku kwetu kando ya ziwa, watu wachache tu ndio wanaisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Gobore hupakiwa kwa mdomo: unamimina baruti, unashindilia tambara na risasi kwa ufito, kisha unaomba Mungu cheche ishike. Mvua ya masika ikikukuta, pole sana. Bunduki ya kisasa hula risasi iliyokamilika, yaani ganda la shaba, baruti ndani, kichwa mbele na fataki nyuma. Kwenye ile ndogo ya .22, dawa ya fataki imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ganda lazima liwe jembamba ili nyundo iliponde. Kwenye zile kubwa fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Hapo ganda linaweza kuwa nene, libebe nguvu nyingi, na ukishapiga, fataki iliyotumika hung'olewa, nyingine ikatiwa, ganda likajazwa tena. Kwa mtu wa mfuko mdogo hilo si jambo dogo.

Na msidhani kubana pesa ni mambo ya maskini pekee. Miaka ya 1860 serikali ya Uingereza ilikuwa na maghala yamejaa bunduki za Enfield za kupakia mdomoni, zimepitwa na wakati. Kununua mpya zote ilikuwa gharama. Wakakata nyuma ya mtutu, wakafunga kijimlango cha bawaba alichobuni Mmarekani Jacob Snider, na kuanzia 1866 jeshi likawa na bunduki ya fataki ya katikati kwa bei ya fundi wa ukarabati. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry, Snider zikaanza kushuka ngazi. Zilishuka mpaka zikafika huku, mabegani mwa askari na wapagazi wa kampuni ya IBEA waliopita Mumias kwenda Buganda. Mitumba haikuanza Kibuye, omera.

Sasa ikaja karatasi ya kwanza. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Tumefundishwa kwamba ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake mliwekwa vifungu vya silaha. Kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ikawa marufuku kumwuzia Mwafrika bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu, au bunduki yoyote iliyoboreshwa. Kilichoachwa sokoni ni gumegume, ile ya jiwe la kiberiti, mtutu laini, na baruti ya kawaida. Angalia ramani uone Kisumu iko wapi: karibu juu ya ikweta yenyewe. Yaani wakati Maxim inapiga mamia ya risasi kwa dakika, babu wa mtu wa Seme anaruhusiwa kisheria kununua teknolojia ya enzi za Napoleon.

Wafanyabiashara walikwepa, bila shaka. Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mmisionari akageuka mfanyabiashara, alikuwa na mashua yake ziwani, na mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga kurudi Buganda kwa watu na silaha. Januari 1895 maofisa wa Kibelgiji walimnyonga Kongo kwa tuhuma ya kuwauzia maadui zao bunduki. Uingereza ilipiga kelele kweli kweli, maana Mzungu alikuwa amenyongwa bila kesi ya maana.

Mwaka huohuo wa 1895 Wabukusu walilipia. Baadhi yao walikuwa wamepata bunduki za kisasa kupitia watu wa misafara, na C. W. Hobley, aliyekuwa akiendesha mambo ya serikali kutoka Mumias, alitaka zirudishwe. Wakakataa. Kikosi kidogo cha Wasudani kilichotumwa kuzichukua kilipigwa. Kisha likaja jeshi lenyewe, pamoja na wapiganaji wa Wanga na wengine waliojiunga, likavunja ngome za Lumboka na Chetambe.

Hapa watu husema, "Wangekuwa na bunduki nyingi wangeshinda." Mimi naona sivyo. Hesabu ya bunduki peke yake haikuambii kitu. Snider iliyoko mkononi mwa Mbukusu ilihitaji ganda la Snider, na ganda la Snider lilitengenezwa Uingereza, likashuka Mombasa, likapanda huku kwa kichwa cha mpagazi anayelipwa na watu walewale unaopigana nao. Gobore ungeweza kulilisha chuma cha fundi wa kijijini na baruti ya magendo. Bunduki bora isiyo na risasi ni rungu la bei ghali.

Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Risasi ambayo ilikuwa inatembea miezi kwa kichwa, sasa ikawa inafika kwa siku chache. Ndipo tunafika kwa mtu ninayependa kumtolea mfano, ingawa kazi yake siipendi: Walter Bell, Mskochi aliyezaliwa 1880, ambaye baadaye walimwita Karamoja Bell.

Bell alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, akapata kazi ya kuwalinda wajenzi wa reli dhidi ya simba. Bunduki yake ilikuwa .303 ya risasi moja moja, kazi ya fundi Fraser wa Edinburgh. Nzuri, imesuguliwa ikang'aa. Tatizo likajitokeza huku kwenye joto: ukipiga, ganda linanasa ndani ya mtutu, halitoki. Simba hakungojei utafute kijiti cha kulichokolea. Dukani Uskochi nani angekwambia hilo?

Mtu mwingine angekimbilia bunduki kubwa zaidi. Bell alikwenda upande mwingine. Kuanzia 1902 alikuwa akiwinda pembe Karamoja, na Mumias ndio ulikuwa mji wa kufungia mizigo na kuajiri wapagazi, mji wenye Waswahili, Waarabu na Wabaluchi waliokuwa wakifanya biashara hiyo kabla yake. Huko kaskazini alizoea Mauser ya milimita 7, ile Waingereza walioiuza waliyoiita .275 Rigby. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na uzito wa gramu kama 11. Wawindaji wenye pesa walikuwa na bunduki za mitutu miwili zenye vichwa vya gramu 31 hivi, na bei ya moja ingenunua Mauser kadhaa na chenji ibaki.

Kwa nini ndogo? Bell aliieleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1923. Kwanza alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Risasi ndefu, nyembamba, yenye ganda gumu la chuma kichwani, inakwenda moja kwa moja bila kupinda. Pili, bunduki haikurushi nyuma, kwa hiyo huiogopi, na usipoiogopa unalenga vizuri. Tatu, na hii ndiyo wengi wanaipita, alikuwa anaamini risasi za kiwanda cha DWM cha Ujerumani. Bunduki nyingine aliyoipenda, ya milimita 6.5, na hata .318 ya Waingereza, zilimsumbua kwa sababu ya risasi mbovu: unapiga, kimya, halafu inalipuka imechelewa. Ile ya milimita 7 ilikuwa risasi ya kijeshi. Wahispania waliitumia, Makaburu waliitumia dhidi ya Waingereza. Ilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo ilikuwa rahisi na haikubahatisha.

Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa hiyo Mauser. Hesabu hiyo inaniuma, na sioni sababu ya kumfanya shujaa. Ila kwa swali letu la mfuko mdogo, alilijibu vizuri kuliko yeyote: tafuta risasi inayopatikana, isiyokuangusha, unayomudu kupiga nyingi mpaka ujue. Halafu chukua bunduki yoyote ya kawaida inayoila.

Linganisha na Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyepita Kisumu Desemba 1909 akivuka ziwa kwenda Entebbe. Alikuwa na Springfield, Winchester ya .405, na Holland & Holland ya mitutu miwili aliyopewa zawadi na Waingereza waliomhusudu. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512. Picha zake ndizo zilizotufundisha kwamba uwindaji ni bunduki kubwa na kofia.

Lakini tuangalie karatasi ya mwaka huo. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750. Mkazi alilipa 150. Kodi ya nyumba aliyotozwa Mjaluo wa hapa Nyanza ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na wengi waliipata kwa kwenda kufanya kazi ya mkataba mbali na kwao. Leseni moja ya mgeni ni kodi ya nyumba 250! Kwa hiyo ile hadithi ya walowezi, ati mtu wa kawaida alinunua .303 yake ya kwanza akaenda porini kutafuta kitoweo, mwulize huyo mtu wa kawaida alikuwa nani. Mjaluo aliyeweka mtego wa swala shambani kwake aliitwa jangili.

Bunduki ya risasi tulikuja kuishika kwa wingi tukiwa ndani ya sare, na hapo huchagui, unapewa. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa KAR wakapanda meli Kisumu, wakashuka Kendu, na tarehe 12 wakapambana nao. KAR walikuwa na .303, yenye baruti isiyotoa moshi. Upande wa pili, zaidi ya nusu ya kampuni za Wajerumani Afrika Mashariki bado zilikuwa na bunduki ya mfano wa 1871, risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi. Kila ukipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na adui anajua ulipolala. Berlin ilikuwa imebana matumizi kwenye makoloni, na aliyelipa ni askari Mnyamwezi aliyelala kwenye majani ya Kisii.

Baada ya uhuru mlango wa uwindaji haukudumu sana. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, na mpaka leo marufuku ipo. Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114: bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha na sababu inayoeleweka, hata risasi moja mfukoni ni kesi. Kwa hiyo wewe wa Kondele, jibu langu ndilo hilo. Yule Mmarekani anaanza na bunduki kwa sababu duka la risasi liko kando ya barabara na karatasi kwake ni kazi ndogo. Huku kwetu kiboko akitoka ziwani usiku akaingia mahindi ya mtu pale Dunga, anayepigiwa simu ni askari wa KWS, na bunduki atakayokuja nayo alichaguliwa na serikali.