Kuosha Injini: Tabia Tuliyorithi Enzi za Oili Tupu

Jirani yangu mmoja hapa Songea ana Noah ya abiria aliyoinunua mtumba, kwa mkopo ambao bado anaulipa. Juma lililopita aliipeleka gereji kumwaga oili. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia, akakitazama, akatikisa kichwa. Oili nyeusi tii! Injini hii, akasema, haina budi ioshwe kwanza. Akamwonyesha kichupa cha dawa ya kuflashi: unakimimina ndani ya oili ile ile kuukuu, unaacha injini ingurume dakika 10, kisha unamwaga vyote na kuweka oili mpya. Jirani akaomba muda, akaja kuniuliza mimi, kwa ile imani ya watu wengi kwamba mtangazaji anajua kila kitu.

Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu. Nilimpeleka kwa mjomba wangu, aliyeendesha malori ya tumbaku na mahindi mkoani Ruvuma tangu siku ambazo lami ya kutoka Makambako ilikuwa bado ndoto. Mzee hakuanza na kichupa. Alianza na mambo ya kale, nami nimeyafuata na kuyaongezea machache niliyoyasoma.

Oili za mwanzo za magari zilikuwa oili tupu, hazikuchanganywa na kitu. Zililainisha vyuma, basi. Masizi, maji na uchafu wa moto vilituama chini ya sampu na kwenye vijia vya oili, vikawa tope. Ukimwaga oili, inatoka ikiwa na rangi ya kuridhisha, na tope linabaki ndani. Kwa hiyo wazee waliosha injini kwa mafuta ya taa au oili nyepesi, na hawakukosea. Oili yao haikuweza kubeba uchafu, lazima mtu aubebe mwenyewe.

Mabadiliko yalianzia kwenye dizeli. Katika miaka ya 1930 injini za dizeli za Caterpillar huko Marekani zilisumbuliwa na ringi za pistoni kunasa kwa masizi. Wataalamu wa oili wakaongeza chumvi za madini zinazofanya kazi kama sabuni: zinaung'oa uchafu kidogo kidogo na kuuweka ukielea ndani ya oili, utoke siku ya kumwaga. Mwaka 1947 Taasisi ya Petroli ya Marekani, ndiyo yenye herufi API tunazoziona kwenye magaloni, iligawa oili mafungu matatu: ya kawaida, bora, na ya kazi nzito. Hiyo ya kazi nzito ndiyo iliyokuwa na sabuni. Leo oili yoyote ya maana inayo. Basi oili inapokuwa nyeusi, mara nyingi ni ishara kwamba inaosha. Maji ya kufulia nayo huwa meusi, na hakuna anayeilaumu sabuni.

Ila sisi tulipitia miaka yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 hadi 1979, na mwaka huo huo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, pale Kigamboni, kilichofunguliwa 1966, lakini mafuta ghafi yalitaka fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa adimu. Wenye umri wanakumbuka magari ya binafsi kukatazwa barabarani Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mjomba anasimulia kwamba oili waliyoimwaga waliiacha itulie ndani ya debe usiku kucha, wakaichuja kwa kitambaa, wakairudisha kwenye injini. Haya si mambo ya kuchekwa. Mahindi ya Ruvuma yalifika sokoni kwa oili ya namna hiyo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na oili nzuri ikaanza kuonekana tena. Mjomba alipata galoni zake. Kwa heshima ya mgeni huyo akaona aisafishe nyumba: akamimina mafuta ya taa, akaacha lori lingurume, akamwaga, akaweka oili mpya. Akapakia tumbaku, akaondoka. Kwenye mlima wa Lukumburu mshale wa presha ya oili ukalala chini, injini ikaanza kugonga. Sampu ilipofunguliwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na tope la miaka yote ile, lililong'oka kwa pamoja. Beringi za krankshafti zilikwisha kuungua. Alilala mlimani siku nne akilinda mzigo wa watu.

Kusema haki, kichupa cha leo si mafuta ya taa matupu. Kina sabuni ndani yake. Kwenye injini inayomwagwa oili kwa wakati, madhara yake ni madogo, na faida yake ndogo vilevile, kwa sababu hakuna cha kuosha. Ninachokiogopa ni injini ya mtumba ambayo hakuna ajuaye ilitunzwaje huko ilikotoka. Hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 2002 Toyota ilikubali kugharimia matengenezo ya injini zilizoharibiwa na tope huko Marekani, katika mpango uliohusu magari kama milioni 3.3 yaliyoundwa kati ya 1997 na 2002.

Mjomba alimshauri jirani amwage oili ikiwa moto, abadilishe na filta, aweke oili nzuri ya kawaida, kisha aimwage tena mapema, baada ya kilomita 1,500, na tena hivyo hivyo, tope liondoke taratibu. Gharama yake inazidi ya kichupa, na jirani hakuificha huzuni yake. Jana jioni aliniita uani nitazame kijiti. Siku sita tu, na oili mpya ilikwisha kuwa nyeusi. Akaifuta kwa kitambaa, akafunga boneti, akaenda stendi kusubiri abiria.