Malango ya Uzigua na Nguzo Zake

Wenye kuandika historia ya nchi iliyo kati ya mto Pangani na mto Wami aghalabu huanza na vita, au na reli, au na mkonge. Lango hutajwa kwa kupita tu. Hata hivyo, lango ni shahidi asiyefaa kudharauliwa. Humwonyesha mchunguzi watu wa mahali waliogopa nini, waliona nini kuwa mali, na mzigo wa kulinda waliuweka mabegani mwa nani. Wilaya za Handeni na Korogwe zimepata kujua malango ya namna tatu katika muda wa miaka mia moja na hamsini hivi, na kila moja limesimama juu ya nguzo za namna yake.

Lango la kwanza halikuwa na bawaba. Wasafiri wa Kizungu waliopanda mto Pangani katika karne ya 19 walikuta vijiji vya Korogwe na Maurui vimejengwa juu ya visiwa vya mto. Hapo maji ndiyo yaliyokuwa ukuta, na daraja jembamba la miti ndilo lililokuwa lango. Mbali na mto, Wazigua waliishi ndani ya maboma ya magogo, na mengi yalifichwa katika vichaka vizito. Pa kuingilia paliachwa nafasi ndogo, na giza lilipoingia palizibwa kwa magogo. Haja ya ulinzi huo ilikuwa kubwa. Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Usambaa alipofariki mwaka 1862, nchi iliingia katika vita vya urithi. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, akawa na bunduki na nguvu. Na watu waliotekwa waliuzwa pwani. Lango la magogo lilikuwa zito, nalo lilihitaji mikono mingi jioni na asubuhi. Lakini uzito wake wote uliishia ardhini, na kazi yake iligawanywa kwa watu wote wa kijiji. Gogo moja likioza, jirani lake lilibaki limesimama.

Nguvu ya boma la namna hiyo ilionekana katika vita vya Bwana Heri bin Juma, mkuu wa Saadani. Wajerumani walipouteka mji wake mwaka 1889, alirudi nyuma pamoja na Wazigua wake akajenga boma Mlembule. Shambulio la kwanza la Wajerumani lilirudishwa. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Hermann von Wissmann alikuja na mizinga, na boma likavunjwa. Mwezi wa Aprili Bwana Heri akafanya amani. Magogo yaliyoweza kuzuia bunduki hayakuweza kuzuia mzinga.

Misiba iliyofuata ilivunja mengi kuliko mzinga. Sotoka iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaua ng'ombe. Nzige na ukame wakaleta njaa ya mwaka 1894 hadi 1896, na nyingine ya mwaka 1898 hadi 1900. Watu wakatawanyika, mashamba yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya nchi hii, ameeleza kwamba afya ya ng'ombe na mashamba ilitegemea mapatano baina ya wakuu na watu wao. Mapatano hayo yalipovunjwa na utawala wa kikoloni, pori lilishinda. Kwa maneno mengine, ua wa kweli wa Uzigua ulikuwa watu wenyewe, waliokata vichaka na kuviweka mbali.

Wakati huohuo lango la pili lilikuwa njiani. Mwaka 1893 ulianza ujenzi wa reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyosalimika. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kandokando yake mashamba makubwa ya mkonge yalienea, kila moja likiwa na mipaka iliyopimwa. Mahali pa gogo pakawa na chuma, nacho chuma kilileta bawaba.

Yafaa kueleza bawaba ilibadili nini, kwa kuwa wengi huona ni urahisi tu. Ni kweli kwamba mtoto mmoja anaweza kusukuma kwa kidole lango la chuma ambalo watu wawili wasingeweza kulibeba. Lakini uzito haukupotea, umehamishwa. Mathalani, ubawa wa lango, yaani ile sehemu inayozunguka, ukiwa na upana wa mita 4 na uzito wa kilo 80, kitovu cha uzito huo kiko mita 2 kutoka kwenye nguzo. Ikiwa bawaba ya juu na ya chini zimetengana kwa mita 1, basi ya juu inavutwa kutoka kwenye nguzo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 160, na ya chini inaisukuma nguzo kwa nguvu hiyohiyo. Nguvu hiyo haipumziki mchana wala usiku. Nguzo ikiinama digrii 1 tu, ncha ya ubawa hushuka karibu sentimita 7 na kuanza kulima ardhi. Mwenye shamba hulaumu ubawa kwa kuwa ndio unaoonekana kuanguka, na kumbe kosa liko chini ya udongo.

Mpango wa mashamba ya mkonge ulifanana na lango hilo. Ulizunguka kwa wepesi machoni pa wenye mali, kwa sababu uzito wake ulikuwa umewekwa kwa wengine. Manamba waliletwa kutoka mbali. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi ya pamoja ya kuwaajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara haukutimia mpaka siku hizo zimejazwa. Kipande kilikuwa lango ndani ya lango. Na wenyeji ambao ardhi yao ilizungukwa na mkonge walibaki kupita kandokando ya mipaka waliyowekewa pasipo kuulizwa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mtazamaji angedhani lango hilo halitainama kamwe.

Liliinama. Nyuzi za viwandani ziliangusha bei, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba hayo. Miaka iliyofuata mengi yalimezwa na pori. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Na lango jema, likikosa ua na watu wa kulihifadhi, ni chuma kinachosubiri kutu.

Lango la tatu ndilo la siku hizi, nalo ni la watu wengi zaidi. Handeni ina wakulima wa mahindi na machungwa, ina wafugaji wa Kimasai, na ina ranchi ya Mzeri. Fundi wa kulehemu katika mji wowote mdogo hutengeneza ubawa wa mabomba kwa siku moja au mbili. Kazi ngumu ni kuutundika, na fundi mzoefu hujulikana kwa subira yake. Huchimba shimo la nguzo kwa kina cha mita 1 hivi, na zaidi penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Hushindilia mawe, humwaga zege, hupima nguzo kwa timazi pande mbili, kisha huiacha siku 7 bila kuitwika chochote. Hutenganisha bawaba kadiri ubawa unavyoruhusu, maana katika mfano wa hapo juu, zikitengana kwa mita 1.25, kilo 160 hupungua kuwa 128. Pini ya chini huielekeza juu ibebe uzito, na ya juu huielekeza chini, ili mwizi asiung'oe ubawa kwa kuuinua wala fahali asiutoe kwa pembe. Ncha ikishuka, hukaza nati ya bawaba ya juu mpaka iinuke. Lango likijifungua lenyewe, hajaribu kulizuia kwa jiwe. Anajua kwamba ubawa hutafuta mahali pa chini, basi hurudi kwenye nguzo na kuipima tena.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inajaribu kufanya kazi inayolingana na hiyo. Imewapa wanavijiji, kwa njia ya halmashauri na mikutano yao, usimamizi wa ardhi ya kijiji. Hapo ndipo yanapopaswa kuamuliwa mambo ya mashamba, malisho, na njia za mifugo kwenda majini. Mapatano hayo yakifanywa kwa haraka, au yakiwaacha wafugaji nje, lango litakalowekwa juu yake litaonekana limenyooka wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha litainama. Ndipo mkulima atakapoona ng'ombe ndani ya mahindi yake, na mfugaji atakapoona njia ya babu zake imefungwa kwa mnyororo, na kila mmoja atalaumu ubawa.

Magogo ya kale hayatarudi, wala haifai kuyatamani, kwa kuwa yalitokana na hofu ya kutekwa. Lakini kuna jambo moja walilolijua watu wa maboma ambalo chuma kimelificha: kwamba kila lango lina anayelibeba. Mwanafunzi wa historia ya Handeni na Korogwe, akikuta lango linazunguka bila kelele, asiishie kulisifu. Na aulize nguzo imesimikwa katika ardhi ya nani, na kwa ridhaa ya nani.