Wako Mtiifu: Barua ya Serikali Ilivyopanda Kilimanjaro

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana huko Old Moshi, bibi mmoja jirani aliniletea barua nimsomee. Ofisi moja ilimtaka aachie ukanda wa kihamba chake ili barabara ipite. Barua ilikuwa fupi na kavu, nayo iliishia kwa maneno "Wako mtiifu". Nilipomaliza kusoma, bibi akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayenikatia kihamba, ananitii vipi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimefundisha uandishi wa barua rasmi hadi nikastaafu, miaka ya mwisho katika chuo cha ualimu, na kila nilipofika kwenye kimalizio hicho swali lile lilinirudia. Leo nawaalika wapenzi wa lugha tulitafutie jibu katika historia.

Pwani, barua ya Kiswahili ilikuwapo kabla ya posta yoyote ya Kizungu. Iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ikaanza kwa kumtukuza mpokeaji na kumsalimu. Ndipo "ama baada ya salamu" ilipofungua mlango wa haja yenyewe. Watunzi wa tenzi wanaijua njia hiyo. Nao huanza kwa jina la Mungu, huagiza wino na karatasi, kisha ndipo husimulia kisa. Barua na utenzi vilikunywa katika kisima kimoja cha adabu.

Posta ya Wajerumani ilifunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi Oktoba 1890. Stempu za mwaka 1893 zilikuwa za Ujerumani zilizopigwa chapa ya thamani kwa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Baadaye rupia ikagawanywa kwa heller 100, na stempu zikafuata hesabu hiyo mwaka 1905. Sarafu ile imekwisha, lakini jina lake tumebaki nalo mdomoni: hela. Kadhalika shule, neno lililotoka katika lugha ya watawala hao hao.

Huku mlimani Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa, kwa kuwa misafara ya pwani ilipita na kufanya biashara na wamangi. Lakini Kiswahili cha barua ya serikali kilikuja na nguvu nyingine nyuma yake. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga na wa Kimeru. Baada ya siku hiyo, mangi aliyepokea karatasi kutoka bomani hakuhitaji kuelezwa maana ya amri. Matarishi walikwenda kwa miguu mpaka reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911.

Mfumo huo ulihitaji watu wa kalamu. Shule ya serikali ya Tanga ilifundisha makarani na walimu kwa hati za Kilatini, na mji huo huo ukachapa gazeti la Kiongozi. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walithamini zaidi Kichagga katika mahubiri na mafundisho. Hivyo Mchagga akawa na lugha mbili za kusoma: moja ya kanisani, nyingine ya bomani. Waingereza walipoitwaa nchi, wao wenyewe walikiri kuwa Wajerumani waliwaachia urithi mkubwa: serikali iliweza kuwaandikia maakida na majumbe kwa Kiswahili, na kupata taarifa zao kwa lugha hiyo hiyo.

Ndipo tunapofika kwa "Wako mtiifu". Ofisa wa Kiingereza alizoea kutia saini chini ya maneno ya kujiita mtumishi mtiifu wa anayemwandikia, hata kama barua yenyewe ilikuwa ya kumfukuza kazi. Makarani wetu wakayafasiri, na baada ya uhuru tukayaongezea "katika ujenzi wa taifa". Adabu ya pwani ilitangulia mwanzoni mwa barua na kumtazama mpokeaji. Adabu hii ilisukumwa mwishoni, ikawa muhuri tu.

Hata hivyo, tusiilaumu kalamu yenyewe. Wakulima wa kahawa walipounda chama chao, KNPA, mwaka 1925, walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime zao hilo. Rais wa chama, Joseph Merinyo, alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali na kujua mambo yake yanavyoendeshwa. Elimu iliyokusudiwa kupokea amri ikatumika kutetea haki. Mwaka 1933 KNCU ilishika nafasi ya chama hicho, na kahawa ya Wachagga ikaendelea.

Bibi yule naye hakukubali kunyamaza. Jioni ile ile aliniambia nimwandikie jibu. Alitaka kwanza ofisa asalimiwe, yeye na watoto wake, kisha aelezwe mipaka ya kihamba na jina la marehemu mumewe aliyekipanda masale. Nilipofika mwisho nikaandika, kwa mazoea, "Wako mtiifu". Nilipomsomea, akanizuia kwa mkono. "Futa hayo," akasema. "Andika: Ni mimi, mwenye kihamba."

Nikafuta, nikaandika.