Krotoa, bibi aliyeachwa nje ya nasaba ya akina Saayman

Mwaka 1709 meli kutoka Mauritius ilimshusha katika Rasi ya Tumaini Jema fundi mapipa Mholanzi, Daniel Zaaijman, pamoja na mkewe Petronella na baadhi ya watoto wao. Daniel alikuwa mtu wa Vlissingen, mji wa mabaharia. Petronella yeye alikuwa anarudi kwao. Alizaliwa hapo Rasini, na hapo ndipo alipozikwa mama yake miaka 35 kabla. Wale wanaoitwa Zaayman au Saayman nchini Afrika Kusini huifikisha nasaba yao kwa mume na mke hawa.

Ukifungua vitabu vya nasaba za walowezi wa Rasi, wa kwanza utakayemkuta katika ukoo huu ni Daniel. Ndivyo vitabu hivyo vilivyopangwa. Kazi kubwa ya mwanzo, ya Christoffel Coetzee de Villiers, ilichapishwa Cape Town mwaka 1893 na 1894, mwenyewe akiwa ameshafariki. Mwaka 1966 Cornelis Pama akaitoa upya. Katika mpango wao, mlowezi wa kwanza hupewa herufi a, wanawe b, wajukuu c, na kila mtoto namba kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtafiti akiona b3c2 anajua mara moja kwamba huyu ni mtoto wa pili wa mtoto wa tatu wa mwanzilishi. Mpango huu umerahisisha kazi ya watu wengi. Lakini unafuata jina la baba tu. Binti akishaolewa, uzao wake unahamia kwa watu wengine. Mke anatajwa ubavuni mwa mumewe, na mama yake mke inabidi ukamtafute kwingine.

Mama yake Petronella aliitwa Krotoa. Alikuwa Mkhoikhoi, mpwa wa Autshumato, kiongozi wa Wagoringhaicona, kundi dogo lililoishi kwenye ufukwe wa Table Bay. Jan van Riebeeck alipofika tarehe 6 Aprili 1652 kuanzisha kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, Krotoa alikuwa na umri wa kama miaka kumi. Akachukuliwa kutumika nyumbani kwa mkuu huyo. Akajua Kiholanzi, akajua na Kireno, na kabla hajatimiza miaka 20 biashara ya ng'ombe na mazungumzo ya amani ya mwaka 1660 yalikuwa yakipita kinywani mwake. Wazungu walimtegemea bila kumwamini, na ndugu zake hali kadhalika.

Mei 1662 alibatizwa kwa jina la Eva. Juni 1664 akafunga ndoa ya kanisa na tabibu wa Kampuni, Pieter van Meerhof, mzaliwa wa Copenhagen. Ndoa ya namna hiyo kati ya Mzungu na Mkhoikhoi haikuwahi kuandikishwa Rasini kabla ya hapo. Mwaka uliofuata mumewe akapelekwa kuwa msimamizi wa Robben Island. Kisiwa hicho tunakijua kwa sababu ya Nelson Mandela. Krotoa alilea watoto huko karne tatu kabla yake. Kisha van Meerhof akatumwa Madagascar katika safari ya kununua watumwa, akauawa huko. Mjane akabaki hana mlinzi upande wowote. Ulevi ukamwingia, watoto wakaondolewa mikononi mwake, naye akawa anafungwa na kufunguliwa hadi alipofariki tarehe 29 Julai 1674. Katika shajara ya ngome, mwandishi wa Kampuni alimsindikiza kwa maneno ya dharau ambayo hata leo kuyasoma kunauma. Na Krotoa ndiye aliyewasemea kwa miaka mingi.

Mwaka 1677 Petronella na nduguye, wakiwa yatima, walisafirishwa kwenda Mauritius, iliyokuwa mikononi mwa Kampuni hiyo hiyo. Huko Petronella akaolewa na Daniel. Binti yao mmoja, Catharina, akaolewa na Roelof Diodati, mkuu wa kisiwa. Binti mwingine walimpa jina la Eva. Katika karatasi zote za ukoo huu, mimi hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi. Petronella alijua mama yake alivyosemwa, na bado akaliinua jina lake.

Haya yote yanajulikana kwa kuwa Kampuni iliandika kila kitu. Madaftari ya ubatizo ya Rasi yanaanzia mwaka 1665. Taasisi ya kusimamia mali za yatima iliyoanzishwa mwaka 1673 iliorodhesha mirathi chumba kwa chumba: vitanda, masufuria, na watumwa kwa majina yao. Kila mwaka walowezi walihesabiwa pamoja na farasi, kondoo, mizabibu na ngano waliyopanda. Sehemu kubwa ya hati hizo iko katika jumba la nyaraka la Roeland Street, Cape Town, na nyingine ziko The Hague.

Anayezipekua kwa kufuata akina mama hukutana na wengi mfano wa Krotoa. Angela wa Bengal aliuzwa kwa van Riebeeck akiwa mtumwa, akaachwa huru mwaka 1666, akaolewa na Arnoldus Basson, akafa mwaka 1720 akiwa mtu wa mali. Binti yake, Anna de Koning, aliolewa na nahodha Olof Bergh wa Sweden na baadaye akamiliki shamba la Groot Constantia, linalosifika hadi leo kwa mvinyo. Wataalamu wa nasaba wamewataja Paul Kruger, Jan Smuts na F. W. de Klerk kuwa miongoni mwa uzao wa Krotoa.

Hayo hayakuwa siri. Mwaka 1971 J. A. Heese alichapisha kitabu kuhusu asili ya Waafrikana, yaani Makaburu, akakadiria kwamba takriban asilimia 7 ya damu yao haikutoka Ulaya. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya Waafrikana 77: wote isipokuwa mmoja walikuwa na mchanganyiko wa Afrika au Asia, kwa wastani wa karibu asilimia 5. Lakini ni watu hawa hawa ambao serikali yao ilipiga marufuku ndoa baina ya Wazungu na wengine mwaka 1949, na mwaka 1950 ikaanza kumwandikisha kila raia kwa rangi yake. Familia zilivunjwa, ndugu wakatenganishwa mitaa, kwa ajili ya usafi wa damu ambao madaftari ya kanisa lao wenyewe yalikuwa yakiukanusha tangu karne ya 17.

Afrika Mashariki tuliwaona watu hao kwa macho. Makaburu waliingia pande za Meru na Arusha tangu mwaka 1904, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1908 msafara wa Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, ukaendelea kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret. Walikuja wakijitambulisha kuwa Wazungu wasio na doa. Baadhi yao yawezekana walikuwa wazao wa Krotoa, wakimiliki ardhi ya Waafrika kwa hoja kwamba wao si Waafrika.

Nasi tusijione tumepona. Pwani yetu mtu huhesabu fulani bin fulani bin fulani hadi Hadhramaut au Shiraz, na katika mnyororo mzima hakuna mwanamke hata mmoja. Bibi aliyetoka Nyasa au Manyema, aliyeletwa akiwa mtumwa akamzalia bwana wake watoto, jina lake limepotea ingawa uzao wake ndio unaohesabiwa.

Mwanzilishi wa akina Saayman ni Krotoa, na kitabu kijacho cha ukoo huo hakina budi kumwandika ukurasa wa kwanza, juu ya fundi mapipa wa Vlissingen. Nawe msomaji, kama kwenu yupo mzee anayekumbuka, mwombe akutajie bibi zake, walitoka wapi na waliletwa na nani, uandike kabla hajaondoka.